Hadithi za Mapenzi za Picha na Anayezisimulia

Wako wazee wasemao kwamba hadithi za mapenzi hazimfai mwanafunzi, na wako wanafunzi wazifichao chini ya godoro. Mimi sitaki kuamua kati yao. Nataka kueleza jinsi hadithi hizo za picha zilivyoanza na jinsi zinavyotungwa, ili asomaye ajue anachokisoma.

Vitabu hivi asili yake ni Marekani. Katika mwaka 1947 Joe Simon na Jack Kirby, wale waliombuni shujaa Captain America, walitoa kitabu kiitwacho Young Romance. Bei yake ilikuwa senti 10 za huko. Wakati ule vitabu vingi vya picha vilikuwa vya mashujaa na wanyama wa kuchekesha, na msichana aliyekwisha kua hakupata vingi vya kumhusu. Basi kitabu kikauzwa upesi, na watoaji wengine wakaiga. Kufika 1950 vitabu vya namna hiyo vilikuwa na majina zaidi ya 100. Habari zake zilikuwa uchumba, mashaka, wivu, wakwe, na taabu za miaka ya kwanza ya ndoa.

Sasa tutazame ufundi wake. Maneno huwekwa mahali patatu. Kwanza, katika kisanduku juu ya picha, ambamo msichana husimulia yaliyompata kwa kusema "mimi", kana kwamba anaungama. Pili, katika duara lenye mkia uelekeao kinywani. Hayo ndiyo asemayo. Tatu, katika wingu. Hayo ndiyo awazayo. Tuseme mchumba anauliza kama harusi ifanyike. Katika duara msichana ajibu, "Ndiyo, mpenzi." Katika wingu awaza, "Je, nampenda kweli, au naogopa kubaki peke yangu?" Mchumba halioni wingu. Aonaye ni msomaji tu, naye hujiona amepewa siri. Ndiyo maana ni vigumu kukiweka kitabu chini hata kengele ya kulala ikilia.

Lakini huyo "mimi" ni nani? Wengi wa watungaji na wachoraji wa vitabu hivi walikuwa wanaume, watu wazima. Msichana alilia katika picha, na kalamu ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Tena, mwaka 1954, wazazi na wakuu wa serikali ya Marekani walipovilaumu vitabu vya picha, watoaji walijiwekea sheria. Mojawapo ilitaka hadithi za mapenzi zisisitize thamani ya nyumba na utakatifu wa ndoa, wala talaka isionyeshwe kuwa jambo la kutamanika. Nia ilikuwa njema. Lakini tangu hapo msomaji aliweza kubashiri mwisho kabla ya kufungua ukurasa wa pili: mashaka ya binti yatakuwa upumbavu wake tu, atalia, atasamehewa, ataolewa. Young Romance ilikoma mwaka 1975, na nduguye, Young Love, mwaka 1977.

Jambo hili latuhusu sisi wasichana wa Kidato cha Nne. Tunakaribia kumaliza, na baadhi yetu hatutakaa sana nyumbani kabla ya kuposwa. Mashaka hayatakosa kuja, na si kila shaka ni upumbavu. Pengine ni akili inayotaka muda wa kufikiri. Binti wa kitabuni huyafungia katika wingu kwa sababu mchoraji amependa iwe hivyo. Sisi hatukuchorwa na mtu. Kuuliza si ujinga. Tumwulize mama, shangazi, au mwalimu tunayemwamini, kabla mahari haijapokewa.

Nanyi wazazi wetu mnaosoma gazeti hili, tunawaomba kwa heshima: binti yenu akinyamaza anapoulizwa kama amemkubali mchumba, msifanye haraka kusema kwamba kunyamaza ni kukubali. Mwulizeni tena, mkiwa naye peke yenu.