Kutoka Kitandani Hadi Kwenye Faili: Monita za Wagonjwa na Rekodi za Kielektroniki

Monita ya mgonjwa hukaa kando ya kitanda, hasa katika chumba cha wagonjwa mahututi na cha upasuaji, ikipima bila kukoma mapigo ya moyo, upumuaji na kiwango cha oksijeni katika damu, na shinikizo la damu kila baada ya muda uliopangwa. Katika hospitali nyingi muuguzi husoma namba hizo kwenye kioo na kuziandika karatasini, kisha akipata nafasi huziingiza kwenye kompyuta. Njiani 98 huweza kugeuka 89, na kipimo cha saa nane kikaandikwa saa tisa. Kuunganisha monita moja kwa moja na rekodi za kielektroniki kunakusudiwa kuondoa makosa hayo na kumrudishia muuguzi muda wa kumhudumia mgonjwa.

Wazo hili si jipya. Katika miaka ya 1980, wataalamu wa Hospitali ya LDS mjini Salt Lake City, Marekani, walibuni njia ya pamoja ya kuunganisha vifaa vya kitandani, kwani kila mtengenezaji alikuwa na plagi yake na lugha yake. Kazi hiyo ilizaa viwango vinavyojulikana leo kama IEEE 11073. Kwa upande wa mifumo ya kompyuta za hospitali, shirika la HL7, linaloweka viwango vya kubadilishana taarifa za afya, lilianzishwa mwaka 1987.

Monita hutuma vipimo kwa mtandao hadi kwenye kompyuta ya kati, nayo huvigeuza kuwa ujumbe wa HL7. Ujumbe huo ni maandishi ya kawaida. Mstari unaoanza na herufi PID humtambulisha mgonjwa. Kila mstari wa OBX hubeba kipimo kimoja, kwa mfano msimbo 8867-4 na thamani 112. Msimbo huo unatoka katika orodha ya LOINC, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, na maana yake ni mapigo ya moyo kwa dakika, popote unaposomwa. Taasisi hiyohiyo ilishiriki kuanzisha OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa unaotumiwa na mpango wa AMPATH huko Eldoret, Kenya.

Ugumu mkubwa hauko kwenye kebo. Monita inajua kitanda, haimjui mgonjwa. Aliyelala kitanda cha 4 akihamishwa na mwingine akalazwa hapo bila mfumo kuarifiwa, vipimo vya mgeni vitaingia katika faili la aliyeondoka, na daktari anaweza kuagiza dawa kwa kutegemea moyo wa mtu mwingine. Kosa hili ni baya kuliko lile la kalamu, kwa sababu linajirudia kimyakimya kila dakika. Ndiyo maana muuguzi husoma kwa skana msimbopau wa kwenye bangili ya mgonjwa kabla ya kuanza kurekodi, na hukatisha uhusiano huo mgonjwa anapoondoka. Saa za mashine zote nazo lazima zilingane, la sivyo dawa iliyotolewa baada ya shinikizo kushuka inaweza kuonekana ilitolewa kabla.

Tena, si kila namba ni ya kweli. Kibanio cha kidoleni kikilegea, oksijeni huonekana kuporomoka ilhali mgonjwa yu salama. Kwa hiyo mifumo mizuri humtaka muuguzi athibitishe kipimo kabla hakijawa sehemu ya rekodi rasmi, na hatua hiyo haifai kuondolewa kwa kisingizio cha kuokoa muda.

Vipimo sahihi vikifika kwa wakati, kompyuta inaweza kukokotoa alama za hatari. Alama za NEWS, zilizotolewa na Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London mwaka 2012, hutaka mgonjwa aliyefikisha 7 ashughulikiwe kwa dharura. Hata hivyo kiwango cha fahamu, ambacho ni sehemu ya alama hizo, bado hupimwa na mtu.

Hospitali inayonunua monita, au kupokea za msaada, iulize mapema: je, zinatoa ujumbe wa HL7, leseni yake inalipiwa kando, na umeme au mtandao ukikatika vipimo vinahifadhiwa wapi? Majibu yaandikwe kwenye mkataba.