Mgeni Asimame Wapi? Mlango wa Vioo na Sitara ya Nyumba

Tulipoazimia kujenga Othaya, sikudhani hata kidogo kwamba mlango ndio ungenikosesha usingizi. Nilifikiria msingi, paa na maji. Mlango, kwa mtu aliyelelewa Mombasa, ni jambo lililokwisha kujulikana: huachwa wazi tangu asubuhi, pazia likaning'inia, upepo ukaingia na nuru ikaingia nao.

Othaya haina mlango wa namna hiyo. Mji huu umo katika kaunti ya Nyeri, baina ya vilima vya chai na kahawa, milima ya Nyandarua ikiwa upande wa magharibi. Mwezi wa Juni hadi Agosti ukungu hushuka na baridi huuma, na mlango hufungwa mchana kutwa. Ukishafungwa, ukumbi wa kuingilia huwa giza kama ghala. Ndiyo sababu wajenzi wengi wa siku hizi hupenda mlango wenye vioo vya ubavuni: ubao wa mlango katikati, na kioo chembamba kirefu kila upande, vyote ndani ya fremu moja. Mlango umefungwa, na nuru inaingia.

Kijana aliyetuchorea nyumba alikuja na kompyuta yake akatuonyesha. "Mama, tazama," akaniambia, akaigeuza nyumba kwenye kioo cha kompyuta kama mtu anayegeuza kikombe mkononi. Mlango ulipendeza kweli. Vioo viwili, kutoka sakafuni hadi juu, vikimetameta. Mume wangu aliridhika, nami nikaridhika.

Mama yangu mzazi, aliyekuwa amekuja kututembelea, alitazama kwa muda, kisha akauliza swali moja tu: "Sasa mwanangu, mgeni atasimama wapi?"

Adabu ya ubavuni

Swali hilo lilininyamazisha, kwa kuwa jibu lake nalijua tangu utotoni. Qur'ani Tukufu, katika Surat an-Nur, aya ya 27, inatuamrisha tusiingie nyumba za wenzetu mpaka tutake idhini na kuwasalimu wenyewe. Na katika Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud tumefundishwa kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika mlangoni kwa watu hakusimama kuukabili mlango, bali alisimama upande wake wa kulia au wa kushoto, kwa kuwa milango ya zama zile haikuwa na mapazia. Ndivyo tulivyolelewa: piga hodi, jitenge kando, ngoja.

Basi hebu tafakari, ndugu msomaji. Mgeni mwenye adabu hujitenga na mlango akasimama ubavuni. Na ubavuni ndipo tulipokuwa tumeweka kioo. Kadiri mgeni anavyozidi kuwa na staha, ndivyo atakavyozidi kuona ndani, iwe apenda au hapendi. Tungekuwa tumejenga nyumba inayomtia aibu mtu kwa sababu ya adabu yake.

Wazee wetu walilijua jambo hili wala hawakuliacha kwa pazia peke yake. Katika nyumba za mawe za Lamu, mgeni hupokewa kwanza kwenye daka, ukumbi mdogo wa nje wenye mabaraza, na baada ya mlango hukuta tekani, ukumbi wa ndani, kabla ya kufika kiwandani. Njia hupinda, na jicho la mpita njia hukomea ukutani. Mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na wageni husafiri mbali kuja kuitazama milango yake ya nakshi. Aghalabu huutazama ubao, wakasahau ile njia iliyo nyuma yake.

Kusimama mlangoni kabla ya kujenga

Juma lililofuata tulimwomba kijana arudi. Hapo ndipo nilipoifahamu faida ya programu za uchoraji wa majengo. Katika mchoro wa mistari mitupu, mlango ni mistari tu. Katika programu kama Revit na ArchiCAD, mlango ni kitu kamili: una upana, kimo, unene na upande wa bawaba, na ukiuweka ukutani hutoboa ukuta wenyewe. Tena mtu huweza kuweka kamera mahali popote na kwa kimo chochote, akatazama kama atakavyotazama mtu wa kweli.

Nilimwomba aiweke kamera nje, kando ya mlango, kwa kimo cha macho yangu. Tuliona ukumbi wote, na mlango wa jikoni ukiwa wazi mwisho wake. Kisha nikamwomba auzime mchana na kuwasha taa za ndani. Hapo ilikuwa mbaya zaidi, kwani usiku kioo humficha aliye nje na kumfichua aliye ndani. Hata kioo cha ukungu, ambacho mchana huficha sura, usiku huonyesha kivuli cha mtu anayepita.

Tukajaribu upande mmoja baada ya mwingine, na tukaona hivi. Mlango unaofungukia ndani ukifunguliwa kidogo, aliyesimama upande wa kitasa huona ubao wa mlango wenyewe. Aliyesimama upande wa bawaba ndiye anayeona chumba kupitia upenyo. Kwa hiyo tuliondoa kioo cha upande wa kitasa, tukaweka hapo ukuta mtupu na kitufe cha kengele, ili mgeni aitwe kusimama panapomsitiri yeye na sisi. Kioo kimoja kilibaki upande wa bawaba, nacho ni cha ukungu, chini yake kibao cha mbao. Nuru iliyopungua tuliirudisha kwa kioo cha juu ya mlango, ambako hakuna jicho lifikalo. Ndani, hatua chache kutoka mlangoni, tukaongeza kiambaza kifupi: tekani yetu ya Othaya.

Mume wangu alifurahia faida nyingine. Kioo kilicho karibu na kitasa humrahisishia mwizi: huvunja, huingiza mkono, hufungua. Sasa kitasa kiko mbali na kioo.

Safu tatu katika jedwali

Jambo la mwisho liligunduliwa kwa bahati, na lingetugharimu fedha. Programu hutoa jedwali la milango na madirisha, ambalo fundi hulitumia kuacha nafasi ukutani. Katika jedwali la mchoro wa kwanza niliona safu tatu: mlango mmoja na madirisha mawili. Kijana alikuwa amechora vitu vitatu mbalimbali akavibana pamoja. Kwenye picha vilionekana kama kitu kimoja, lakini kwa hesabu vilikuwa matundu matatu.

Tofauti ni hii. Ubao wa milimita 900, vioo viwili vya 300, na miimo minne ya 50 hufanya jumla ya milimita 1,700. Vitu vitatu mbalimbali, kila kimoja na miimo yake miwili, hufanya 1,800. Zaidi ya hayo, boriti ya zege ya juu ya mlango, ambayo mafundi huiita linta, huhitaji kukalia ukuta, tuseme milimita 150 kila upande. Tundu moja la 1,700 lataka linta moja ya 2,000. Matundu matatu yaliyobanana hayana ukuta katikati wa kukaliwa na linta yoyote. Mchoro wetu wa mwisho, wenye kioo kimoja, ni kitu kimoja katika safu moja: 900, na 300, na miimo mitatu ya 50, yaani 1,350, na linta ya 1,650.

Kwa hiyo, dada yangu unayekaribia kujenga, usitosheke na picha. Uliza: je, mlango na vioo vyake ni kitu kimoja katika jedwali? Upana ulioandikwa ni wa ubao au wa tundu zima? Bawaba ziko upande gani? Kioo kilicho chini, watoto wanapokimbilia, ni cha aina iliyoimarishwa? Kanuni za ujenzi za Uingereza huhesabu vioo vya kando ya mlango, kutoka sakafuni hadi milimita 1,500, kuwa mahali pa hatari. Na mwisho, omba kamera isimamishwe ubavuni, mchana na usiku.

Mama amekwisha kurudi Mombasa. Kabla ya kuondoka alitaka kuuona mchoro tena. Kijana akaiweka kamera kando ya kitasa, naye akasogea karibu na kompyuta, akakunja macho. "Naona ukuta," akasema. "Basi hodi."