Vijana wa Bara Waliozama na Khedive Ismail

Kwetu pwani hakuna mji usio na mtu wake aliyechukuliwa na bahari. Lamu, Faza, Mombasa, Vanga, kila mtaa una jina la nahodha au baharia ambaye hapana ajuaye kaburi lake. Tumezoea, na dini imetufundisha la kusema, kwamba aliyekufa maji yumo katika mashahidi. Lakini msiba mkubwa wa bahari uliowafika askari wa Afrika Mashariki katika vita vya pili vya dunia uliwachukua vijana wengi wa bara, watu wa kahawa na mahindi.

Meli yenyewe iliitwa Khedive Ismail. Iliundwa Scotland mwaka 1922 kwa kampuni ya Chile, ikapewa jina la Aconcagua, na mwaka 1935 ikanunuliwa na kampuni ya Misri ikabadilishwa jina. Khedive Ismail ndiye mtawala wa Misri aliyefungua mfereji wa Suez mwaka 1869. Wazee wetu walimjua kwa jambo jingine. Mwaka 1875 alituma manowari zake zikateka Barawa na Kismayu kutoka mikononi mwa Sayyid Barghash, na Kismayu ikaitwa Bandari ya Ismail mpaka Waingereza walipomshurutisha aondoke. Basi jina hilo lilikwisha kupita katika maji yetu mara moja, na kwa shari.

Mapema Februari 1944 meli hiyo iling'oa nanga Mombasa kwenda Colombo, katika msafara wa meli tano za kuchukulia askari. Ndani yake walikuwamo watu 1,511. Wengi wao, 996, walikuwa maofisa na askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, wakipelekwa Ceylon, walikokusanyika wenzao waliokuwa wakingojea vita vya Burma. Wanawake walikuwamo 83, wengi wao wauguzi.

Jumamosi tarehe 12, katikati ya mfunguo tano mwaka 1363 wa Hijra, kiasi cha saa nane na nusu mchana, walikuwa karibu na visiwa vya Maldivi. Baadhi ya abiria walikuwa ukumbini wakisikiliza muziki. Askari wengi walikuwa chini, tumboni mwa meli. Nyambizi ya Wajapani, I-27, ikapiga topido mbili. Haikupita dakika mbili meli ikawa haipo. Msomaji ajaribu kusoma Yasini kwa dakika mbili aone atafika wapi. Waliookoka ni 214, na katika hao wanawake ni sita. Waliokufa ni 1,297.

Kisha likaja jambo ambalo mabaharia wamelijadili hata leo. Nyambizi ilijificha chini ya maji, na juu yake walielea watu waliookoka. Rupert Egan, nahodha wa manowari ya Petard, akaamuru mapipa ya baruti yatupwe pale pale, kwa kuwa zilikuwapo meli nyingine nne zilizojaa watu na adui alikuwa bado hai. Baadhi ya waliokuwa wakiogelea waliuawa na wenzao. Nyambizi ilizuka, manowari ya Paladin ikajaribu kuigonga ikapasuka yenyewe, na mwisho topido ya saba ya Petard ndiyo iliyoizamisha. Imam Ghazali, katika Mustasfa, aliitazama mas-ala ya adui anayejikinga kwa mateka Waislamu, akaruhusu kupiga kwa masharti mazito mno: iwe ni dharura, iwe ni yakini, na iwe ni kuokoa umma mzima. Mara akaleta mfano wa watu waliomo chomboni, akakataza kumtupa mmoja ili wengine wapone. Mimi simhukumu nahodha yule. Nasema tu kwamba Ghazali angekesha usiku huo.

Haya nilikuwa nikiyajua kwa kusoma tu, mpaka mwaka jana nilipokwenda harusini Thika. Nilipokuwa Majengo nikaambiwa yuko mama mmoja wa Ruiru, Mkikuyu na Mwislamu wa kuzaliwa, anayemtafuta mtu wa Mombasa amwulize neno. Toka Thika hadi Ruiru si mbali, nikaenda.

Kaka yake alikuwa kibarua katika shamba la kahawa hapo Ruiru kabla ya kuingia askari wa mizinga. Mama anakumbuka alivyopanda gari moshi kurudi kambini, yeye akiwa na umri wa miaka sita, akibebeshwa kofia ya kaka yake mpaka stesheni. Hakupata kumwona tena. Ilikuja barua iliyosema hajulikani alipo. Baba yao akalishika neno hilo kama lilivyo. "Asiyejulikana alipo hasaliwi," alisema, na alikufa akisema hivyo. Mke wa kijana akangoja miaka saba, ndipo kadhi akahukumu kuwa mumewe ni maiti, akakaa eda miezi minne na siku kumi. Yeye naye sasa ni marehemu.

"Mwanangu," mama akaniambia, "nyinyi watu wa Mombasa mmesoma. Kaka yangu hakusaliwa. Nikimwombea imam amsalie leo, itafaa?"

Ningependa kusema ndiyo. Sisi Mashafi tunayo sala ya ghaibu, na wengi wanaijua. Lakini kauli iliyo na nguvu, aliyoishika Nawawi katika Minhaj, ni kwamba inasihi kwa yule tu ambaye siku ile ya mauti alikuwa amefikiwa na faradhi yake. Waliokuwa watu wazima mwaka 1944 ndio waliokuwa na nafasi hiyo, nao walikuwa wakitazama njia ya stesheni. Mama alikuwa mtoto. Mimi sikuwa nimezaliwa.

Nilimweleza hivyo, polepole. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza limebaki nini. Nikamwambia imebaki dua, na sadaka, na hitima. Nikamwambia pia kwamba Nairobi, katika makaburi ya vita ya njia ya Ngong, upo ukumbusho wa wasio na makaburi, na waliozama na Khedive Ismail wamo. Akasema miguu yake haimwezeshi, atakwenda mjukuu wake na karatasi yenye jina.

Hitima tuliisoma Majengo, Ijumaa baada ya Alasiri. Halua niliichukua Mombasa, kahawa ikawa ya kwao. Watu walipokuwa wakitoka mama akaniita pembeni, akataka kujua bahari ilikuwaje siku ile. Nikamwambia Februari ni kaskazi, huwa shwari.

"Na maji, ni ya baridi?"

Nikamwambia la, si ya baridi.