Luteini Ndani ya Vibebeo vya Nano
Luteini, rangi ya manjano iliyomo katika mchicha, sukuma wiki na kiini cha yai, hujikusanya katikati ya retina ya jicho na kuikinga dhidi ya mwanga wa buluu. Mwili hauwezi kuitengeneza. Tena haiyeyuki katika maji, huharibiwa na joto kali na mwanga, na sehemu kubwa hupita tumboni bila kufyonzwa. Ndiyo maana watafiti huifungia ndani ya vibebeo vya nano, vyenye upana usiozidi mamia machache ya nanomita, vinavyotengenezwa kwa lesithini, kaseini ya maziwa au zeini, protini ya mahindi. Vibebeo hivyo huilinda mpaka ifike utumbo mwembamba. Majaribio mengi bado ni ya maabara na wanyama. Kwa sasa, mboga za majani zilizopikwa kwa mafuta kidogo bado ni chanzo kizuri cha luteini.