Printa Ibaki Kwenye Waya, Simu Ziwe Huru

Ingia steshenari yoyote ya jirani na chuo, wiki ile ya mwisho ya wanafunzi kukusanya kazi zao. Kijana wa mbele ameshatuma faili kwa WhatsApp, dada wa kaunta amelifungua na kubofya, na kompyuta inamjibu kwamba printa haipatikani. Printa yenyewe iko pembeni yake, taa ya kijani inawaka. Anaizima na kuiwasha. Anazima ruta, anaiwasha. Foleni imeshafika mlangoni. Ukurasa wa kwanza ukitoka, hakuna anayejua ni kipi kilichosaidia, na kesho asubuhi mambo ni yale yale.

Hapo ndipo huitwa fundi wa printa. Anafungua mashine, anafuta roli, anachukua hela yake na kuondoka. Mashine ilikuwa nzima tangu mwanzo. Kilichohitaji kutazamwa ni mtandao ulioizunguka, ambao katika nyumba na ofisi nyingi haukupangwa na mtu yeyote. Kampuni ilileta ruta, fundi wake akaiacha pale waya ulipoingilia, na kila kifaa kipya kikaongezwa juu yake bila mpango.

Printa na mtandao wa ofisi vimekua pamoja. Mwaka 1973, katika maabara ya Xerox PARC huko California, Robert Metcalfe alipewa kazi ya kuunganisha kompyuta za Alto ili zote ziweze kutumia printa ya leza, mashine iliyotokana na ubunifu wa Gary Starkweather. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa Ethernet, ambayo vizazi vyake ndivyo vilivyo kwenye matundu ya nyuma ya ruta yako hadi leo. Viwango vya kwanza vya Wi-Fi vilikuja mwaka 1997, zaidi ya miaka 20 baadaye.

Ninalosisitiza ni hili: ukitaka kuchapa bila waya kwa uhakika, iache printa kwenye waya. Anayehitaji uhuru ni mwenye simu au laptopu, anayezunguka nayo chumba hadi chumba. Printa ikishawekwa mezani haihami. Ichomeke kwenye ruta kwa kebo, nayo ruta itapokea kazi kutoka kwenye simu kwa njia ya hewa na kuipeleka kwenye printa kwa waya. Kebo ya Cat 5e au Cat 6 inafika hadi mita 100, umbali unaotosha duka, nyumba na hata ofisi ya ghorofa mbili. Unaponunua, dai ya shaba halisi. Ile ya alumini iliyopakwa shaba ni rahisi kwa bei, lakini hukatika upesi ikikunjwa na hupoteza nguvu njiani.

Jambo la pili ni anwani, na hapa ndipo penye siri ya ile taa ya kijani. Kila kifaa kinachojiunga hupewa na ruta namba yake, tuseme 192.168.1.105, na namba hiyo ni ya kuazima. Umeme ukikatika usiku na kurudi alfajiri, ruta inaweza kuanza kugawa upya. Printa inapewa 108, na 105 inakwenda kwa simu ya mtu. Kompyuta ya kaunta bado inapeleka kazi 105 kama ilivyofundishwa, haipati jibu, na inatangaza kwamba printa haipo. Kuzima na kuwasha husaidia pale tu bahati inapoirudishia printa namba yake ya zamani.

Dawa yake haizidi dakika kumi. Chapa ukurasa wa taarifa za mtandao kutoka kwenye printa yenyewe, utafute namba yake ya MAC, ambayo kila kifaa hutoka nayo kiwandani. Kisha fungua kivinjari, andika anwani ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, uingie kwenye mipangilio na kuiagiza ruta iihifadhie printa hiyo namba moja siku zote. Namba hiyo iandike kwenye karatasi na uibandike ubavuni mwa printa. Fundi atakayekuja mwaka ujao atakushukuru.

Tatizo linalowachosha watu kuliko yote ni la ruta mbili. Ofisi ina ruta ya kampuni ya faiba, chumba cha nyuma hakipati mawimbi, basi bosi ananunua ruta nyingine na kuichomeka kwenye ile ya kwanza. Intaneti inafika vizuri, watu wanafurahi, lakini wa chumba cha nyuma hawaioni tena printa. Sababu ni kwamba ruta ya pili imeanzisha mtandao wake na kugawa anwani zake, hivyo ofisi moja imekuwa na mitandao miwili. Ingia kwenye ruta ya pili, uipe anwani isiyogongana na ya kwanza, uzime ugawaji wa anwani, kisha kebo inayotoka ruta ya kwanza uichomeke kwenye tundu lake la LAN badala ya lile la WAN. Kuanzia hapo inasambaza mawimbi tu, na wote wanakuwa nyumba moja.

Zipo printa za bei nafuu zisizo na tundu la kebo, na nyingi kati yake husikia masafa ya 2.4 GHz peke yake. Usiyazime kwenye ruta kwa sababu tu 5 GHz ina kasi zaidi. Kwenye mtaa wenye maduka yaliyobanana, chagua chaneli ya 1, 6 au 11, kwa kuwa hizo haziingiliani. Ruta nayo itoe nyuma ya televisheni na uiweke juu, mbali na ukuta wa zege lenye nondo.

Wengi bado wanaamini kuchapa kunakula bando. Hakuli. Faili likishakuwa kwenye simu, safari yake hadi kwenye printa inaishia humo humo ndani, hata kama laini haina hata shilingi. Tangu AirPrint ya Apple ya mwaka 2010, na muungano wa Mopria wa mwaka 2013 kwa upande wa Android, simu nyingi huiona printa bila kuwekewa programu ya ziada. Ila kuna printa za kisasa zinazolazimisha intaneti ili zifanye kazi. Uliza kabla ya kulipa.

Kuhusu umeme: ruta ipewe betri yake ndogo ya akiba, lakini printa ya leza usiichomeke kwenye UPS. Inapopasha joto huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, na UPS ndogo haiwezi kuubeba.

Mwisho ni usalama, na hili naliona zito, maana kwenye steshenari hupita vitambulisho vya taifa, vyeti vya kuzaliwa na mikataba ya watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019. Na hatari yenyewe si ya kubuni: Novemba 2018 mtu mmoja alizifikia maelfu ya printa duniani zilizoachwa wazi kwenye intaneti, akazichapisha tangazo la kumpigia debe mwanayutyubu anayempenda. Wenye printa hizo hawakujua hata kwamba zinaonekana kutoka nje. Badilisha nywila ya kiwandani ya ruta na ya printa pia, tumia ulinzi wa Wi-Fi wa WPA2 au WPA3, na uzime WPS, ile njia ya kuunganisha vifaa bila kuandika nywila. Wateja wanaoomba Wi-Fi wawekee mtandao wa wageni, ambao hauigusi printa wala kompyuta ya kaunta. Faili zao wataendelea kuzituma kwa WhatsApp kama kawaida, nawe uzifute kila jioni kabla ya kufunga duka.