Softiboli kwa watoto: Njumu inayoshika ardhi mno inaweza kuumiza goti

Mzazi anayemnunulia binti yake njumu za softiboli kwa mara ya kwanza huuliza bei, na kama zitadumu. Swali linalosahaulika ni hili: zinashika ardhi kiasi gani? Hilo ndilo linalogusa usalama wa goti na kifundo cha mguu.

Softiboli, mchezo ndugu wa besiboli, una wachezaji wengi Marekani, hasa wasichana, na huchezwa pia katika baadhi ya shule za Kenya na Uganda. Mchezaji akishapiga mpira, anatimua mbio kwenda besi ya kwanza. Kwa wenye umri wa miaka 11 au 12, besi zimeachana futi 60, kama mita 18 hivi. Ni mbio fupi zenye kashkash: anachomoka, anakata kona, anasimama ghafla, au anajitupa chini na kuteleza ili aifikie besi kabla hajatolewa.

Mguu unaumiaje?

Meno ya njumu humzuia mtoto asiteleze. Hilo ni jema, mpaka anapogeuka ghafla. Meno yakizama na kung'ang'ania, unyayo unabaki palepale huku mwili unazunguka. Msokoto huo unabebwa na kifundo au goti, na kano inaweza kuchanika.

Kano ya mbele iliyo katikati ya goti ikikatika, mara nyingi mtoto huhitaji upasuaji na miezi mingi ya mazoezi. Wasichana waliobalehe wako kwenye hatari kubwa kuliko wavulana katika michezo ya kuruka na kugeuka.

Suala hili si geni. Miaka ya 1960 ikielekea ukingoni, daktari Joseph Torg aliwafuatilia wachezaji wa futiboli ya Kimarekani katika shule za sekondari za Philadelphia. Walipoacha njumu za meno machache marefu na kuvaa za meno mengi mafupi, majeraha ya goti yalipungua.

Chuma au plastiki?

Meno ya chuma huchimba udongo mgumu vizuri, lakini mtoto akiteleza yanaweza kunasa na kuvunja kifundo. Pia humchana mwenzake. Ndiyo maana Little League, shirika la ligi za watoto lililoanzia Marekani, haliruhusu chuma katika madaraja ya watoto wa hadi miaka 12. Hao huvaa meno ya plastiki au mpira.

Kisigino nacho kisisahauliwe. Kati ya miaka 8 na 14 hivi, mfupa wa kisigino bado unakua, na sehemu inayokua huuma ikivutwa na kugongwa mara kwa mara. Njumu yenye soli nyembamba, isiyo na sponji ya kutosha, huongeza maumivu hayo.

Kiatu hakibebi lawama zote

Mwaka 1988, daktari David Janda na wenzake wa Michigan walichapisha utafiti kuhusu softiboli ya watu wazima. Kwenye besi za kawaida, zilizokazwa ardhini, waliumia wachezaji 45 kwa kuteleza katika mechi 627. Kwenye besi zinazochomoka zikigongwa, waliumia wawili tu katika mechi 633. Kwa hiyo kabla ya kulaumu njumu, tazama pia besi.

Mzazi ufanye nini?

- Nunua saizi ya leo. Njumu "atakazokua nazo" humfanya mguu ucheze ndani ya kiatu.
- Chagua meno mafupi na mengi. Kwenye sakafu au zege, avae raba za kawaida.
- Mpeleke dukani na soksi za mchezo. Ajaribu zote mbili, akimbie kidogo.
- Zikague kila baada ya wiki chache. Jino lililong'oka au soli iliyolika upande mmoja hupotosha mguu.
- Muulize kocha kama anawafundisha watoto kuteleza, na kama besi zinachomoka.

Mtoto akisikia goti "limepiga pa!", likavimba siku hiyohiyo, au akashindwa kukanyaga, mchezo uishe hapo. Asichuliwe wala asifungwe bandeji arudi uwanjani. Mpeleke hospitali akapimwe, maana kulichezea goti lililochanika ndiko huligeuza jeraha la msimu mmoja kuwa tatizo la miaka.