Mambo ya zamani: nimwambie nani?

Wengi wetu hapa Nakivale tulikimbia vita vya Kongo. Miongoni mwetu wapo waliobakwa kijijini au njiani, wanawake na wanaume pia. Wengine walitendewa hayo utotoni na mtu wa nyumbani kwao. Miaka imepita na hawajamwambia mtu. Kama wewe ni mmoja wao, soma pole pole.

Je, ni lazima niseme?

Hapana. Asikulazimishe mtu, awe mume, mchungaji au sisi wahudumu wa afya. Nilipoanza kazi hii nilimuuliza mama mmoja mbele ya mama mkwe wake. Alicheka, akasema hajapatwa na lolote. Baada ya miezi alinifuata peke yangu, akaniuliza, "Siku ile ulitaka nikujibu nini?" Kosa lilikuwa langu. Habari ni yako. Wewe ndiye unayechagua mtu, siku na kiasi cha kusema.

Kusema kunasaidia nini?

Yako maradhi ambayo hayaondoki kwa kunyamaza. Ukivuja mkojo bila kuweza kuuzuia, huenda ni fistula, na wengi hupona kwa upasuaji hata baada ya miaka mingi. Virusi vya UKIMWI hupimwa, na dawa zake zipo. Ndoto mbaya, kushtuka ovyo na kukosa usingizi si wazimu. Mshauri anaweza kukusaidia. Na kama bado unangoja mahojiano ya ukimbizi, yaliyokupata yanaweza kuwa sehemu ya sababu za kukimbia kwako. Unaweza kuomba uhojiwe na mwanamke, na mkalimani awe mwanamke, au mwanaume kama ndivyo unavyotaka.

Nimchague nani?

Mtu anayekuletea siri za wengine, yako pia ataipeleka kwao. Mwache.

Kwa daktari huhitaji kueleza yote. "Nilitendewa ukatili zamani, sasa naumwa hapa" inatosha kuanza. Mkalimani akiwa jirani yako au mtu wa kijiji chenu, mkatae, uombe mwingine. Hilo si utovu wa adabu.

Kabla ya kusema, uliza: "Nani mwingine atajua?" Mfanyakazi mzuri atakujibu wazi. Atatunza siri yako, lakini kama kuna mtoto aliye hatarini au maisha ya mtu yanatishiwa, huenda akalazimika kuwaeleza wengine.

Na mume au mke wangu?

Huo ni uamuzi mwingine, na si lazima ufanywe siku hiyo hiyo. Jiulize: nikimwambia leo, usiku nitalala salama? Ukiogopa kupigwa au kufukuzwa, anza na mshauri.

Kama jambo limetokea sasa

Hapo usingoje. Fika kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI huanzwa kabla ya saa 72 kupita, na ya kuzuia mimba ndani ya siku 5. Zote hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa mapema.

Nawe ukiambiwa

Sikiliza. Usiulize "ulivaa nini?" wala "mbona hukupiga kelele?" Mwambie, "Nakuamini, kosa si lako." Kisha funga mdomo, hata kwa dada yako.

Na wewe usiye tayari leo, hujakosea. Mlango wetu hauna tarehe ya mwisho.